Bibi wa Acocks Green aliyeniuzia pikipiki, na injini niliyoiua kwa maji ya bomba

Wakuu, poleni na majukumu.

Mimi humu ni msomaji tu. Jukwaa hili nalipitia kila siku nikila lunch kazini, nacheka, naondoka kimya. Leo nimeamua kuandika, na yote ninayoandika yamenitokea mimi mwenyewe. Nilichobadilisha ni majina tu.

Kuna mahali nitaonekana mjinga. Kuna mahali nitaonekana mbaya kuliko mjinga. Sijapaka rangi.

Niko Birmingham mwaka wa sita sasa. Nyumbani Tabora nilikuwa fundi wa magari na pikipiki, na si fundi wa kubahatisha. Hapa nafanya kazi kwenye karakana ya kukata vyuma, Tyseley. Nawaambia haya mjue kiburi changu kilitoka wapi.

Mwaka jana mwezi wa sita niliona tangazo kwenye dirisha la duka la magazeti Acocks Green, limeandikwa kwa mkono. Touring bike, yaani ya safari ndefu, Mjapani, 1100cc, haina cheni inatumia shafti, maboksi mawili ya pembeni, service history kamili.

Wanaojua touring wanajua. Hiyo ni pikipiki ya kukaa juu yake kutwa nzima na jioni mgongo hauumi. Ndoto yangu ilikuwa nimpakie mke wangu Salome tuzunguke Wales mpaka tuchoke wenyewe.

Nikapiga simu, Jumamosi nikaenda. Mlango ukafunguliwa na bibi wa miaka sabini na kitu, mfupi, kavaa aproni. Nikasalimia kwa adabu, nikauliza kama mzee mwenye pikipiki yupo.

"Unaongea naye," akasema.

Wakuu, nilitoa macho.

Bibi huyu, tumwite Mama Doreen, alikuwa mpishi wa shule. Kila shule zikifungwa kiangazi alikuwa anapakia maboksi anaondoka peke yake. Ufaransa, Hispania, Ureno, mwaka mmoja alifika mpaka Norway. Hakuwahi kuolewa, na alilisema hilo kama mtu anayekuambia kwamba chai yake haweki sukari.

Alikuwa anauza kwa sababu ya macho. Katikati alikuwa haoni tena, anaona pembeni tu, ukikaa mbele yake anakutazama sikio ili akuone uso. Leseni aliirudisha mwenyewe kabla hawajamwambia.

Nikamwomba bisibisi ndefu. Nikawasha, nikachuchumaa, ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, kama tulivyozoea kwetu. Injini safi kabisa, ila upande wa kushoto kulikuwa na kasauti, tik tik tik, kama mtu anagonga ukucha mezani.

Akaniambia umekasikia. Nikasema nimekasikia. Akasema kalianza Hispania miaka kumi na moja iliyopita, mafundi watatu wamekatafuta hawakukapata, na hakajawahi kumdhuru mtu, kwa hiyo nisikaguse.

Akaniambia watu wanne walikuja kabla yangu na wote waliuliza inakimbia kiasi gani. Mimi ndiye wa kwanza kuisikiliza.

Bei sitaitaja, ila aliniuzia chini ya ile ya tangazo kwa sharti moja. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi niilete, niiwashe uani kwake, aisikie. Basi. Nikakubali haraka haraka, nikijua ni maneno ya uzee na atasahau.

Hakusahau. Na miezi ile ya mwanzo ndiyo iliyonifundisha ile pikipiki.

Nilikuwa naiingiza uani naiacha inaunguruma. Anatoka jikoni anafuta mikono, anaweka kiganja juu ya tenki, anainamisha kichwa. Dakika tano hivi. Halafu chai, na darasa linaanza. Asubuhi choke ya kuwashia vuta nusu tu, ukivuta yote inakasirika. Boksi la kushoto halifungi mpaka ulisukume kwa goti. Ikiwa ya baridi usiikimbize, ipe mpaka mwisho wa mtaa iamke.

Aliniita "bab". Watu wa hapa wakikupenda wanakuita hivyo.

Mwezi wa nane nilifika, nikaizima getini nikaisukuma ndani. Kabla hata sijamsalimia akaniambia breki ya mbele inashika. Nikabisha. Nyumbani nikafungua, kweli pistoni moja ya breki ilikuwa imekwama. Yule bibi alisikia tairi likizunguka kwenye zege akajua. Hapo ndipo ningetia akili. Sikutia.

Alinipa pia daftari, kubwa, jekundu. Kila oili, kila plagi, kila tairi kaandika mwenyewe. Nililitia kwenye boksi la kulia sikulifungua. Fundi mzima nisome daftari la mpishi?

Haya, twende kwenye kosa.

Mwezi wa kumi mpira mmoja wa rejeta ulianza kuvuja. Nikabadilisha mwenyewe, kazi ya saa moja, jamaa yangu Kashindi akiwa pembeni. Kashindi ni Mkongo wa Uvira, naye kule alikuwa fundi, hapa anaendesha van ya kupeleka mizigo. Ilipomwagika ile coolant ya kijani, dawa ya rejeta, nikamuuliza kama twende dukani kununua nyingine.

"Ndugu yangu, ile liquide ya rangi ni ya nini?" akasema. "Kule kwetu tunatiaka maji ya ziwa na motere inatembea mpaka Bukavu. Weka maji."

Sitamsukumia Kashindi lawama. Mimi mwenyewe miaka yangu yote Tabora sikuwahi kutia kitu kingine kwenye rejeta zaidi ya maji. Rejeta ni ya maji, ndivyo tulivyolelewa kwenye gereji. Nikachukua jagi la jikoni, nikajaza ya bomba, nikafunga.

Jumapili ya mwezi wa kumi na moja nikaenda, akasikiliza, akafurahi.

Mwezi wa kumi na mbili ikaja ile baridi. Siku nne mfululizo barafu haikuyeyuka hata mchana, na pikipiki iko nje uani kwangu imefunikwa turubai tu.

Siku ya tano asubuhi nikavuta choke nusu kama nilivyofundishwa, nikabonyeza stata. Ikawaka. Nikashukuru Mungu. Nikaingia ndani kuchukua kofia ya pikipiki. Niliporudi kulikuwa na maji chini ya injini, na yanaongezeka.

Nikazima. Nikafungua makava ya plastiki. Block, lile bonge la chuma la injini, imepasuka ubavuni. Ufa wa urefu wa kidole changu, mwembamba, umenyooka. Nikachomoa kijiti cha oili, kikatoka na kitu cheupe, chai ya maziwa kabisa: maji yameingia kwenye oili.

Wakuu, nilikaa chini kwenye barafu. Maji yakiganda yanavimba, hiyo ni sayansi ya darasa la sita, naijua. Lakini Tabora hayajawahi kuganda, kwa hiyo dawa ya kuyazuia hatukuihitaji. Ilikuwa haijaniingia akilini kwamba maji ya ndani ya chuma nayo ni maji.

Baadaye nikakumbuka daftari, nikalifungua kutafuta namba ya injini. Miaka ya mwanzo mwandiko wake ni mdogo, mzuri, umepangwa. Kadiri unavyofunua herufi zinakua. Miaka ya mwisho neno moja linachukua mstari, halafu mistari miwili. Alikuwa anaandika huku giza linamfuata.

Ukurasa wa mwisho una maneno machache tu, makubwa kama ya mtoto. Kwa Kiswahili ni hivi: COOLANT KABLA YA BARIDI. USITIE MAJI MATUPU KAMWE.

Aliuandika kwa ajili yangu, maana yeye alikuwa haendeshi tena.

Sasa hapa ndipo ubaya ulipoanza, maana mpaka hapo ulikuwa ujinga tu.

Jumapili ya Desemba ilikuwa imefika. Nikapiga simu, nikasema barabara zina barafu. Kweli zilikuwa nazo. Akasema vizuri, usije, nisingetaka uanguke. Kisha akauliza inasikikaje.

Nikasema iko fresh.

Januari nikasema nina mafua. Akaniambia ninywe kitu cha moto, akauliza tena inasikikaje. Nikasema iko fresh, mama, inakusalimia. Salome alikuwa anakunja nguo pale pale. Akaniangalia.

"Mama wa watu haoni," akasema. "Kilichobaki ni sikio, na wewe unalidanganya hilo hilo sikio."

Nikamwambia namaliza kila kitu, hatajua.

Na kweli nilikuwa namalizia. Nilipata injini ya modeli ile ile kwenye yadi ya spea za mtumba, kutoka kwenye pikipiki iliyogongwa nyuma. Mimi na Kashindi tukaishusha iliyokufa tukapandisha nyingine, wikiendi tatu. Tukatia coolant ya kijani mpaka pomoni. Ilipowaka ilikuwa laini ajabu. Hakuna tik wala tak. Nikajipongeza kabisa, nikasema bibi atafikiri nimekapata kale kasauti kalikowashinda mafundi watatu. Hebu fikirieni akili hiyo.

Jumapili ya kwanza ya Februari nikaingia uani kwake, kifua mbele. Akatoka, akafuta mikono, akaweka kiganja kwenye tenki, akainamisha kichwa.

Haikufika dakika. Akaondoa mkono.

"Hii si injini yangu."

Wakuu, nimewahi kuanguka na pikipiki, nimewahi kuvamiwa na majambazi njia ya Nzega. Sijawahi kushtuka kama siku ile. Nilitaka kusema kale kasauti nimekatengeneza, akaniwahi.

"Ni maji, siyo?" akasema.

Nikasema ndiyo.

"Tangu lini?"

Nikasema Desemba. Akaanza kuhesabu. Nikamwona kabisa anazipitia zile simu, moja moja.

"Injini ni chuma, bab. Chuma hupasuka. Lakini mwezi mzima wa Januari nilikaa hapa nikiisikia kichwani, kumbe ilikuwa imeshakufa."

Akaniomba niizime. Akaingia ndani, na dirisha la jikoni, ambalo siku zote huwa wazi nikiwepo, akalifunga. Siku hiyo hakukuwa na chai.

Nilirudi nyumbani taratibu. Sioni aibu kusema nililia ndani ya kofia. Nilipiga simu mara tatu mwezi ule, haikupokelewa.

Salome ndiye aliyesema niende hivyo hivyo. Nikamuuliza niende na nini. Akasema nenda na ukweli, si bado unao kwenye kibanda?

Ile block iliyopasuka sikuwa nimeitupa. Jumapili ya kwanza ya Machi nikaifuta oili yote, nikaifunga kwenye blanketi, Kashindi akanipeleka na van. Tuliibeba wawili tukaiweka kwenye ngazi ya mlango. Kashindi akavua kofia akarudi kwenye gari, nikagonga.

Alifungua, akanitazama sikio. Nikamwambia, "Mama, nimekuletea injini yako. Sina cha kujitetea."

Akashika mlango, akapiga magoti polepole pale mlangoni. Akafunua blanketi. Mikono ikapita juu ya chuma, ikateremka ubavuni, kidole gumba kikakutana na ufa. Akaufuata mpaka mwisho wake. Akarudia tena.

Halafu akahamia upande wa kushoto, akagonga kwa ukucha. Tik tik tik. Ile ile kasi.

Kisha akanyoosha mkono nimwinue.

"Ile nyingine iko wapi?"

Nikasema nimeiacha nyumbani, nilidhani hutaki kuisikia.

"Jumapili ijayo uilete," akasema. "Sitaki kungoja mwezi. Simjui huyu hata kidogo, na nimeshachelewa."

Tangu hapo naenda kila Jumapili, si ya kwanza tu. Block anayo yeye, kaiweka jikoni karibu na mlango wa uani, mfuko wa viazi unakaa juu yake. Nilimwomba nije niiondoe, akasema ipo inapotakiwa. Na kwenye lile daftari jekundu, ukurasa wa kwanza baada ya ule wake, nimeandika mimi, kwa mkono wangu, nilitia nini, lini, na nilidanganya mara ngapi. Akaniambia nimsomee kwa sauti. Nilipokwama kwenye neno langu mwenyewe, akasema mwandiko wangu mbaya.

Funzo ni hili. Mwenye baridi, weka coolant, ufundi wa Tabora uache huko huko Tabora. Ukinunua chombo cha mtu, soma alichokuandikia. Na ukishaharibu, piga simu siku hiyo hiyo, maana chuma kina spea na siku za mtu kukuamini nimetafuta yadi zote sijaziona.

Leteni maoni, matusi nayo ruksa, nimeyastahili. Na kama kuna mwenye uzoefu na hizi 1100 anijuze: juzi Mama Doreen kasema valvu za kulia zinaanza kulegea. Mimi nimeweka bisibisi sikioni mara nne, sisikii kitu. Lakini nimeshaagiza gasket, niifungue.

Nitajibu comments wiki ikianza. Jumapili mchana siko online.