Taa ya Tano

Mafundi wenzake walimwita Mama Vitaa, na mwanzoni hawakumwita hivyo kwa heshima. Wao walipoitwa kwenye hitilafu walifika na bisibisi mkononi. Yeye alivuta kiti, akaketi mbele ya modemu na kuvitazama vitaa vyake mpaka watu wakaanza kukohoa. Cheti alikipata chuoni, tena cha daraja la kwanza, lakini jicho lile lilikuwa la nyumbani: alilipata mezani kwa baba yake, fundi wa simu kwa miaka thelathini na moja.

Asubuhi hiyo aliitwa idara ya maji. Kwa siku ya tatu ofisi kuu haikuwa ikipata takwimu kutoka mtambo wa kusafisha maji, ulio upande wa pili wa mji. Alimkuta meneja amekwisha kuandika ripoti, na sentensi moja ikamchoma: "Chanzo ni kebo iliyoungwa vibaya na marehemu fundi wa zamani."

Marehemu huyo alikuwa baba yake.

"Usichukie, binti," meneja alisema. "Mzee wako alijitahidi, ila kazi yake imeoza. Kesho tunafukua barabara nzima. Hapa nataka saini yako tu."

"Nitasaini nikishaona, bosi."

"Uone nini tena? Mafundi wawili wamekuja, waya za humu ndani wamebadilisha zote. Taa ni kijani tupu."

"Hicho kidude kinakonyeza tangu juzi, dada," karani alidakia kutoka mlangoni. "Kingekuwa mwanamume ningeshakipeleka kwa wazazi."

Mama Vitaa alicheka kidogo, akavuta kiti mbele ya modemu. Akisaini, jina la baba yake lingefukuliwa pamoja na kebo, barabarani, mchana kweupe, na mama yake alikuwa bado anasalimiwa sokoni kama mke wa fundi. Akikataa bila ushahidi, wangesema mtoto anamfichia mzazi.

Taa ya umeme ilikuwa sawa. Taa ya laini ilikuwa kijani, imetulia tuli, na hapo moyo ukamtulia. Taa ile haitulii hivyo mpaka modemu hii na mwenzake wa mtamboni wawe wanasikilizana kupitia kebo. Kebo ingekuwa imeoza, taa ingepepesa au ingezimika kabisa. Baba hakuwa na kosa. Sasa ilibaki kumpata mwenye kosa.

Akahamia kwenye taa mbili za data, ya kutuma na ya kupokea. Zilipepesa pamoja, kwa pigo moja, bila kupishana hata kidogo.

"Bosi, umewahi kuuliza swali ukajibiwa kabla hujamaliza, tena kwa maneno yako yale yale?"

"Nyumbani kwangu, kila siku."

"Basi hii inajijibu yenyewe. Inachotuma ndicho inachopokea. Iko kwenye majaribio, na mtambo haujasikia neno."

"Ingekuwa kwenye majaribio, si kungekuwa na taa ya kuonya?"

"Ipo. Ni ya tano, ya rangi ya chungwa."

Meneja aliinama, akahesabu kwa kidole. "Mbona ziko nne?"

Mama Vitaa alisogeza kiti karibu. Pembeni mwa taa ya nne palikuwa na stika mpya ya namba ya mali ya ofisi. Aliikwangua kwa ukucha, taratibu, na rangi ya chungwa ikachomoza chini yake.

Karani alisogea kutoka mlangoni. "Stika hizi si ulizibandika mwenyewe juzi, bosi? Ulitunyang'anya, ukasema sisi tunabandika upande upande."

Meneja alipokisukuma kifaa juzi ili abandike vizuri, swichi ndogo ya nyuma iliteleza ikaingia upande wa majaribio. Mama Vitaa aliirudisha kwa kidole kimoja. Taa ya chungwa ikazimika, na zile mbili za data zikaanza kupishana, moja ikiuliza, nyingine ikijibu. Kutoka chumba cha pili mtu akasema takwimu za matangi zinaingia.

Meneja aliichukua ripoti yake ili aichane. Mama Vitaa akaiwekea kiganja juu.

"Nakala umewapelekea nani?"

"Wakuu watatu."

"Andika nyingine, iende kwa hao hao watatu."

Meneja alikaa, akaandika, akasoma kwa sauti: "Kebo iliyoungwa na marehemu haina tatizo kubwa."

"Futa 'kubwa'," Mama Vitaa alisema. "Na marehemu mtaje kwa jina."

Akafuta, akaandika jina. Ndipo Mama Vitaa alipoomba kalamu, akasaini jina lake lote, na la baba yake likiwa mwishoni.