Nguruwe Jike Aliyepona

Asmani hakuzaliwa ziwani. Alizaliwa milimani, juu ya Rumonge, katika nyumba ya wafuga ng'ombe, na jina lake la kwanza lilikuwa la Kirundi. Alikuwa bado mutoto wa kuchunga ndama ulipokuja muryamo, ule ugonjwa ulioangusha ng'ombe wa nchi nzima. Ng'ombe alilala akitafuna, kukicha macho yanachuruzika, na baada ya hapo ni nzi tu. Kwa baba yake alipona mmoja, mwekundu, mwenye pembe iliyovunjika. Huyo akaishi katikati ya wagonjwa, akanywa nao, akalala nao, asiugue tena. Watu wakawa wanamwomba akalale kwenye mazizi yao, apeleke baraka. Asmani ndiye aliyemwongoza kwa kamba toka kilima mpaka kilima, na kila walipofika akina mama walitoka nje kumpokea yule ng'ombe kama mgeni wa harusi.

Jambo hilo lilikaa ndani yake kama sala mtu anayofundishwa utotoni. Hakuwahi kulitilia shaka.

Njaa iliyofuata ikamshusha chini. Waswahili wa Rumonge wakampokea, akasilimu, akamwoa Zuwena, binti wa fundi wa mitumbwi, akawa mtu wa mawese na ndagala, wale dagaa wa ziwani, kama wenzake. Angezeeka hivyo hivyo kwa amani, kama Wajerumani wasingejenga boma, na kama Bwana wa boma lile asingependa nyama ya nguruwe.

Nguruwe waliletwa kwa mashua kutoka Ujiji. Bwana akauliza nani hapa anajua mifugo, na mtu mmoja akanyoosha kidole kwa Asmani.

"Mimi ni Mwislamu, Bwana," Asmani akasema.

"Wewe si kula. Wewe kulisha."

Neno likaishia hapo. Akawa na nguo ya kazi aliyoivulia kwenye ua wa nguruwe, hakuileta nyumbani hata siku moja, na kabla ya kila sala alijitosa ziwani akajisugua kwa mchanga mpaka ngozi inawaka. Hata hivyo Zuwena alimtandikia mkeka wake peke yake. Na jirani yao Radjabu, muanika ndagala, hakumwacha apite bure.

"Asmani, ndugu yangu, wanao hawajambo? Yule mwenye mkia wa kujikunja umeshamtafutia mchumba?"

"Nimemtafutia. Nimeambiwa kwenu hamkatai mtu."

Watu pale mwaloni, mitumbwi inapotua, wakacheka mpaka wakashika mbavu, Radjabu mwenyewe wa kwanza. Huo ulikuwa wakati wa kucheka.

Kisha vita vya Wazungu vikaja mpaka kwetu. Wabelgiji ng'ambo ile ya ziwa, Wajerumani ng'ambo hii, na katikati mabega ya watu. Rugaruga, wale wapiganaji wa kukodiwa wa boma, walipita vijijini wakikusanya wanaume wa kubeba mizigo ya jeshi. Waliowachukua walifungwa kamba shingoni, wakaenda. Habari zao hazikurudi. Radjabu alichukuliwa akiwa ameshika ufagio, anageuza ndagala zake juani. Mkewe alikuta ufagio tu.

Walipofika mlangoni kwa Asmani, Bwana akawaambia: "Huyu mtu ya nguruwe. Nguruwe iko, yeye iko."

Tangu siku ile Zuwena akaurudisha mkeka wake karibu na wa mumewe. Akawa anachemsha mwenyewe maganda ya muhogo na machicha ya mawese, anabeba chungu kichwani mpaka kwenye ua, binti yao Riziki nyuma yake. Alikuwa akiwatazama wale wanyama wakila, na midomo yake inacheza. Alikuwa akiwaombea. Mungu anajua, anasikia hata maombi kama hayo.

Ndipo likaletwa dume jipya kwa mashua, zawadi ya boma jingine. Lilishuka likiyumba kwa nyuma kama mlevi. Asmani akasema ni uchovu wa mawimbi.

Dume lile halikukaa. Likafa, na waliolala nalo wakaacha kula. Walijirundika pamoja ingawa jua lilikuwa kali, wakitetemeka, macho yameshikana kwa utongo. Masikio yakageuka rangi ya zambarau, kisha tumbo. Kila kulipokucha Asmani alikuta mmoja amenyooka.

Hakukaa bure. Wale nguruwe vijana waliokuwa bado wazima aliwahamisha haraka, akawajengea ua mwingine wa miiba ng'ambo ya kijito, akawalisha kwa chungu chao. Wakastawi. Katika ua wa kwanza wote wakaisha, isipokuwa jike moja kubwa. Huyo alilala kama mfu, kisha akainuka, akanywa maji, akaanza kutafuna.

Asmani akasujudu palepale alipo. Akatafuta kamba.

"Baba Riziki, unampeleka wapi?" Zuwena akauliza.

"Ng'ambo. Akalale na wale vijana."

"Si bado anakohoa? Waache wale vijana peke yao, nakuomba. Wako wazima."

"Ndiyo wabaki wazima. Mama Riziki, nyinyi watu wa ziwa mnajua samaki. Mnyama aliyepona ni ngao. Mimi yule ng'ombe wa baba nimemshika kwa mkono wangu huu."

Akamwongoza kwa kamba, taratibu, wakavuka kijito.

Leo waganga wa mifugo wametueleza. Muryamo na homa hii ya nguruwe yote yanatoka kwa virusi, vidudu vidogo visivyoonekana, lakini hayana tabia moja. Ng'ombe akipona muryamo, mwili wake umekishinda kidudu, umekifukuza, na unakikumbuka maisha yote. Homa ile ya nguruwe inaanzia kwa walinzi. Mwilini mna chembe nyeupe za damu zinazokesha kwa ajili yetu, neema ya Muumba. Kidudu hiki huingia katika hizo hizo, huziua, na mwili hubaki kama nyumba isiyo na mtu mlangoni. Wengine hufa upesi. Mmoja mmoja huinuka, hula, utasema amepona, kumbe kidudu bado kimo ndani, kinatoka kwa mate na kwa mavi, na walinzi hawajarudi. Wakati ule hapakuwa na wa kumwambia Asmani hayo.

Jike lile lilijikwaruza kwenye miiba ya ua. Mkwaruzo mdogo, ambao nguruwe mzima hausikii hata. Ukaoza. Upele uliokuwa mgongoni kidogo tu ukamfunika mwili, kikohozi kikashuka kifuani, minyoo ikamtoka hai. Kila kidudu kilichokuwa kinamngoja kikaingia. Alipokufa, wale vijana walikuwa tayari wamejirundika pembeni, wanatetemeka juani.

Zuwena hakumlaumu. Alisimama na chungu chake kilichojaa, hajui akimwage wapi.

Bwana akaja, akatazama. Akaamuru waliosimama bado wachinjwe, nyama itiwe chumvi kwenye mapipa, ipelekwe kwa Wazungu wa kusini. Kisha akamgeukia Asmani.

"Nguruwe iko wapi?"

"Wamekwisha, Bwana."

"Basi. Wewe iko na mabega."

Zuwena akamshika mumewe nguo. "Vuka. Kuna mutumbwi wa baba umefichwa kwenye matete, watu wa boma walipochoma mitumbwi hawakuuona."

"Nikivuka watakuja kwako. Na kwa Riziki."

Zuwena akachana kanga yake, akamsokotea ngata ya kuweka kichwani chini ya mzigo. Mzigo aliopewa Asmani ulikuwa pipa la nyama ile ile.

Walifuata ufuo kuelekea kusini, kamba shingoni, mpaka boma dogo kabla ya kufika mji uitwao Nyanza. Wakaamriwa watue. Mpishi akafungua pipa moja, akakata, akaosha nyama ndani ya ndoo. Nyuma ya jiko palikuwa na ua wa miti, na ndani nguruwe wanene, ngozi safi, masikio mekundu mazuri. Mchungaji wao alikuwa kijana aitwaye Amissi. Akaja kuchukua ile ndoo ya maji na mabaki.

"Amahoro, mzee. Umechoka?"

"Hayo usiwape wanyama wako," Asmani akasema.

"Kwa nini? Yana chumvi, wanayapenda sana."

"Nyama hiyo ni ya wagonjwa. Wa kwetu wamekwisha wote. Mimi nilikuwa kama wewe."

Amissi akacheka kidogo. "Ah, mzee! Ugonjwa gani unaishi kwenye chumvi?"

Asmani akamtazama shingo, haina alama ya kamba.

"Una mke?"

"Ninaye. Amejifungua juzi."

"Basi mwaga chini, mwanangu. Nakuomba kwa Mungu. Mwaga."

Rugaruga akapiga kelele, kamba ikavuta, watu wakainama kwa mizigo yao. Asmani aliweza kugeuka mara moja tu. Amissi alikuwa amesimama bado, ndoo mkononi, anawaza, na nguruwe walikwisha kuisikia harufu, wanasukumana kwenye hori.