Darubini Mbovu ya Shemeji Bazilio

Mume wa dada yangu aliitwa Bazilio, na kama kiburi kingekuwa kinaliwa, nyumba ile isingelala njaa hata siku moja. Mimi ni shemeji yake, na huku kwetu Murungu shemeji ana ruhusa ya kusema, kwa hiyo nasema. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye mizinga ya nyuki porini na shamba la mihogo ambalo dada yangu Epifania alililima karibu peke yake. Mwenyewe alijihesabu kuwa mwindaji. Bunduki hakuwa nayo. Mkuki alikuwa nao, lakini mpini wake ulikuwa umeliwa na mchwa. Alichokuwa nacho ni macho, na kwa macho hayo alitamba kuliko wengine wanavyotamba kwa ng'ombe.

Wawindaji wa kwetu walikuwa na desturi yao. Anayemwona mnyama kwanza, akasema yuko wapi, na mnyama akakutwa hapo hapo, huyo ndiye jicho, na kidari ni chake. Mwenye bunduki hupata paja, wenye mbwa hupata shingo na matumbo, waliobaki hugawana kinachobaki. Kidari kina mafuta, ni kweli, lakini wanaume wale hawakugombania mafuta. Mtu mwenye kidari hupita nacho katikati ya kijiji amekiweka begani, na kila mlango unauliza, "Nani kaona?" Kwa miaka yote ninayoikumbuka jibu lilikuwa Bazilio. Alikuwa akipunguza mwendo kwenye nyumba zenye watu wengi, nilimwona kwa macho yangu.

Masika ya mwaka wa sabini na tano mambo yakaanza kwenda kombo. Akasema nguruwe pori yuko pale kwenye nyasi ndefu. Felisiani, mwenye gobole, akaunguza baruti yake ya shida akapiga kisiki. Baada ya hapo akaona tohe, yule swala wa nyasini, na tohe akawa gunia la mihogo ambalo mtu aliliegemeza kwenye kichuguu. Watu wakacheka kidogo, kisha wakaangalia chini.

Siku hizo hizo Harerimana alikuwa ameanza kufuatana na wawindaji. Alikimbia Burundi mwaka wa sabini na mbili na mkewe na watoto, akapewa shamba kule mwisho wa kijiji ambako mawe ni mengi kuliko udongo. Alikuwa kijana mpole, anaongea kama anayeomba radhi. Lakini akisema, "Mutama, yule pale," yaani mzee, basi mnyama yuko pale.

Bazilio hakupenda "yule pale" za Harerimana. Jioni moja akatuambia, mimi na dada, kwamba tatizo lilikuwa ni wanyama.

"Tangu Serikali ituhamishie kijijini, na wanyama nao wamesogea mbali," akasema. "Macho ya binadamu yana mwisho wake. Siku hizi mwindaji wa maana anatumia darubini."

"Kwa hiyo wanyama nao walipandishwa malori ya Operesheni?" nikamwuliza.

Epifania alikuwa anamenya mihogo na hakuinua kichwa. Kesho yake alimtoa mbuzi wake mwenyewe akauzwe, wakaongeza na asali na nta yote ya msimu. Mbuzi aliyekuwa ananyonyesha, kwa ajili ya mtu kwenda kununua macho ya chuma. Nilimwambia dada kuwa wamelingana wazimu. Akaniambia niende na mumewe Kasulu, nihakikishe fedha hazipotelei kwenye pombe.

Tukapanda lori lililokuwa limeleta chumvi ya Uvinza, likirudi tupu. Kasulu tukaenda moja kwa moja kwa Gharibu, ambaye dukani kwake huwezi kupata sukari lakini unaweza kupata saa ya ukutani, saksafoni isiyolia na kiti cha daktari wa meno. Wazungu wakihama, yeye hununua wanachoacha. Darubini alikuwa nazo tatu, akazipanga juu ya meza kama samaki.

Ya kwanza ilikuwa nzito, nyeusi, ya Kijerumani, aliyoiacha mzungu wa barabara. Ya pili ndogo, ina urembo wa rangi ya dhahabu, mwenyewe Gharibu alikiri kwamba haijui kazi yake. Ya tatu ilikuwa ya Kijapani, kamba yake imekatwa kwenye mpira wa gari, na vioo vyake vimeota ukungu kwa ndani, mweupe kama maji yaliyooshewa mchele.

"Hii ya Mjerumani imeandikwa nane kwa thelathini," Gharibu akasema. "Maana yake unaona maili nane, na watu thelathini kwa mpigo mmoja."

"Na wakiwa thelathini na mmoja?" nikauliza.

"Huyo wa mwisho, dada yangu, hutamwona. Nisikudanganye. Mzee, unataka kutazamia mnyama gani?"

"Nguruwe pori," Bazilio akasema.

"Basi mie sikusikia. Endelea kuchagua."

Sasa mwone shemeji yangu anavyochagua. Sisi Waha jembe tunalinunua kwa sikio: unalipima uzito mkononi, unaligonga kwa ukucha, unasikiliza linavyolia. Basi Bazilio akazipima darubini vilevile, moja baada ya nyingine, akazigonga kwa ukucha, akainamisha kichwa kusikiliza. Wateja wawili waliacha shughuli zao kumtazama. Nilitamani ardhi ipasuke, siyo inimeze mimi, immeze yeye.

Ya Mjerumani ililia vizuri kuliko zote. Akatoka nayo barazani, akaielekeza sokoni, akasimama. Akazungusha kigurudumu huku, akakizungusha kule. Akasimama muda mrefu sana.

"Unaona nini?" nikamwuliza.

"Soko."

"Soko hata mimi naliona. Ndani yake unaona nini?"

"Watu," akasema, akaiteremsha polepole kama anayeshusha mtungi kichwani.

Nikamnyang'anya. Nilipotazama, nikamwona inzi juu ya nyama kule buchani, na muuza dagaa anajikuna sikio kwa kijiti cha kiberiti. Moyo wangu ukafurahi kwa ajili ya dada. Nikasema kimoyomoyo kwamba mbuzi hakuuzwa bure. Gharibu naye akaona furaha yangu, na kwa kuwa kitu kile kilikuwa kimemkalia dukani tangu zamani, akakunja uso kwanza, halafu akashusha bei mpaka kwenye kile tulichokuwa nacho.

"Mfuko wangu mwembamba," Bazilio akasema. "Nipe ile ya Kijapani."

"Ile ina ukungu, mzee."

"Ni rahisi."

"Ni rahisi kwa sababu haioni," Gharibu akasema, na nilimwona anataabika. Mfanyabiashara akifika mahali pa kukukataza kununua, ujue umeshapita ujinga wa kawaida. Nikamwambia rahisi ghali. Nikamwambia atamjibu nini Epifania. Nikamwambia na mengine ambayo Gharibu alijifanya hayasikii. Bazilio akalipa ile ya ukungu, akaivaa shingoni, na chenji akanunua khanga ya mkewe na chumvi.

Nyumbani Epifania aliishika, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye vile vioo vyeupe. Nikangoja amlipukie. "Ni nzuri," akasema, akaenda kuota moto. Nikamkasirikia na yeye.

Basi kiangazi chote tukaishi na takataka ile. Bazilio aliivaa kwenye mikutano ya kijiji, akaivaa kanisani mpaka padri akamwuliza anatafuta nini juu ya madhabahu. Na porini mchezo ulikuwa ni mmoja. Anapanda kichuguu, anainua darubini, anatazama kama jenerali. Kisha anaiteremsha, anafuta vioo kwa shati, anatikisa kichwa. "Ukungu," anasema. "Gharibu kaniibia." Wanaume wanacheka mpaka wanakaa chini. Wanamcheka Gharibu, wanaicheka Japani, wanamcheka Bazilio kwa ununuzi wake. Halafu Harerimana anasema taratibu, "Yule pale," na mnyama anakufa.

Na kidari kinaenda kwa nani? Felisiani ndiye aliyekuwa akigawa. "Jicho ni lile lile," alikuwa akisema, "chombo ndicho kibovu. Kidari cha Bazilio." Harerimana anarudi kwa watoto wake na kipande cha mapafu, na Bazilio anapita katikati ya kijiji na kidari begani. Sijapata kuona mtu anayelipwa kwa ujinga wake namna ile. Nilimwambia dada kwamba mumewe angenunua na bunduki isiyo na mtutu, labda wangempa mnyama mzima.

Kisha nguruwe wakazidi. Walichimba mihogo ya bondeni usiku na mchana bila aibu, mpaka kijiji kikaomba msaada, akaja Bwana Nyama, mtu wa Serikali wa mambo ya wanyama, kutoka Kibondo mjini na baruti na kofia yake. Asubuhi hiyo wote tulipanda kilima, wanaume na mbwa, na sisi wanawake na madebe ya kupiga ili kuwatoa nguruwe vichakani. Bwana Nyama alikuwa na darubini mpya ya Serikali kifuani. Akaiona ya Bazilio, akaiomba, akaichungulia, akacheka.

"Mzee, humu ndani mmeota uyoga," akasema. "Nasikia wewe ndiye jicho la hapa. Leo utatazama kwa kitu cha maana." Akaivua yake, akampa.

"Hii yangu imenizoea," Bazilio akasema.

"Tazama, mzee. Tunakungoja wewe."

Jua lilikuwa limepanda na bonde lote lilikuwa wazi. Nguruwe walikuwa pale chini ya mninga, jike na watoto wake, wanafukua mihogo ya watu. Mimi niliwaona bila darubini. Bazilio akainua ile ya Serikali, akaielekeza bondeni, akazungusha kigurudumu huku, akakizungusha kule. Alikuwa anatazama upande wenyewe kabisa. Jasho likamtoka shingoni. Akasimama muda mrefu sana.

Ndipo nilipolikumbuka soko la Kasulu. Hakumwona inzi. Hakuiona nyama, wala bucha. Katika darubini ile nzuri ya Mjerumani aliona ukungu uleule anaouona kila siku, na ukungu huo haukuwa kwenye kioo. Ndiyo maana alikwenda kwenye ile mbovu kama mtu aliyeitwa jina. Alinunua kitu cha kusingizia. Tumcheke kwa ujinga mpaka tuchoke, mradi asiwepo wa kumwambia kwamba macho yamekwisha. Nilimwonea huruma, na mimi huruma siipendi, kwa hiyo nikamkasirikia zaidi.

Bazilio akateremsha darubini. "Hii nayo ni mbovu," akasema.

Hakuna aliyecheka. Bwana Nyama akafikiri ni utani. "Mbovu vipi? Imetoka ghalani juzi." Akampa Felisiani. "Wewe mwenye bunduki, hebu tazama uniambie."

Felisiani, ambaye baruti yake iliishia kwenye kisiki, akatazama bila haraka. Nilimwona taya likicheza. "Imeingia ukungu," akasema, akairudisha.

Bwana Nyama akampa Harerimana. Mke wa Harerimana alikuwa nyuma yetu na debe lake, mtoto mgongoni. Kijana huyu alikuwa na neno moja tu la kusema, na jicho la Murungu lingekuwa yeye kuanzia asubuhi ile, mbele ya Serikali, na kidari chake hakuna ambaye angekigusa tena. Akatazama bondeni. Akatazama sana.

"Ego," akasema, ndiyo ya kwao. "Ni mbovu, mutama." Hakumwambia Bwana Nyama. Alimwambia Bazilio.

Bwana Nyama sasa alikuwa ameanza kupandisha sauti. Akazungusha macho kwenye hadhara yote, akanifikia mimi, maana sifa zangu zilifika hata Kibondo. "Mama, wewe wanasema hufichi kitu. Tazama."

Nikatazama. Niliziona nywele za mgongo wa yule jike zimesimama. Niliona tope kwenye pua yake. Kama angekuwa na chawa ningekuambia wamekaa upande gani. Pembeni yangu Epifania alikuwa ameliinamia debe lake, analisugua kutu kwa kidole gumba.

"Bwana Nyama," nikasema, "Serikali imeibiwa. Hata Gharibu wa Kasulu asingethubutu kumuuzia mtu kitu kama hiki."

Akabaki anaifuta kwa pindo la shati, anatazama, anafuta tena, anatutazama sisi. Kwa kelele zake nguruwe wakatusikia, wakatokomea vichakani, jike na watoto wake. Siku hiyo hakufa mnyama, na kidari hakikwenda kwa mtu.

Unadhani shemeji yangu alinyamaza, kama ambavyo mtu mwenye akili angenyamaza? Alirekebisha takataka yake kifuani, akakohoa. "Nilijua tu," akasema. "Vitu vya siku hizi." Nilitaka kumpiga na debe.

Tukaanza kuteremka. Dada yangu akatangulia, na Bazilio nyuma yake, anaendelea kueleza ubovu wa darubini za Serikali. Epifania siku zote ni mtu wa mwendo mwepesi. Lakini alikuwa anakanyaga kwa kishindo, akivunja vijiti kwa kisigino, na kwenye jiwe anakanyaga mara mbili, na Bazilio aliweka mguu wake pale pale aliposikia. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakitembea tangu masika.