Mgeni Aliuliza Makaburi Yetu Yako Wapi

Jumanne, tarehe 12 Agosti 1975. Asubuhi hiyo upepo wa baridi ulishuka kutoka milimani ukatupulizia vumbi mpaka ndani ya chai. Jua lilikuwepo, lakini la mapambo tu.

Lori likasimama katikati ya kijiji chetu, likashusha watu ambao sijapata kuwaona maishani mwangu.

Wakaingia kwenye nyumba tupu. Wakawasha moto. Wakatoka nje na mafagio, wakaanza kufagia kama wamezaliwa pale.

Mmoja akanipungia mkono.

"Umeamkaje, jirani?"

Jirani! Mtu hata jina langu halijui.

Ngoja kwanza niseme kwa nini nimeikumbuka siku hiyo.

Mjukuu wangu wa kike, Tusajigwe, anaishi Iyunga, na kazi yake ni kutengeneza michezo ya kompyuta. Ile yenye dunia kubwa: unamwongoza shujaa wako, anakwenda atakako, anaingia kijiji hiki, anatokea kile.

Juzi akanionyesha kijiji alichokijenga. Nyumba safi. Kuku wapo. Moshi upo.

"Babu, wenzangu wanasema kijiji changu kimekufa. Watu nimewajaza, lakini hakina uhai. Kinakosa nini?"

Nikatazama. Mwanamke anatwanga. Nikamwangalia mpaka macho yakaniuma. Anatwanga tu. Hapepeti, hapiki, hagombezi mtoto. Mzee anafagia palepale. Ukimsogelea anasema, "Karibu, msafiri." Ukiondoka ukarudi, "Karibu, msafiri."

Nilicheka mpaka nikakohoa.

"Mama, kijiji hiki mimi nimekaa."

"Kipi, Babu?"

"Hiki hiki. Tena kilikuwa na katibu kata."

Sasa twende.

Kijiji chetu nitakiita Msimamo. Kilikuwa kwenye tambarare ya Usangu, mbali kidogo na barabara ya Chimala. Serikali ilipokuwa ikikusanya watu vijijini, tulihamishiwa huko kutoka milimani Mbeya, mimi na mke wangu Atuganile na watoto wetu wawili.

Nyumba zilipangwa mstari mmoja ulionyooka. Mtu aliupima mstari vizuri sana. Maji hakuyapima.

Tulichota kwenye dimbwi walilonywea ng'ombe wa Limbu, mfugaji wa Kisukuma aliyekuja na mifugo yake kutoka kaskazini. Watu wakatoroka kidogo kidogo. Tukabaki kaya chache, nyumba nyingi zikawa za popo.

Lakini katibu kata wetu, Bwana Kalinga, alikuwa amesharipoti juu kwamba Msimamo kimejaa, kinachangamka, kinaimba.

Binti yetu wa kwanza alikufa kwa kuhara. Tulimzika penye kivuli, pembeni ya uwanja.

Mimi wakati huo nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, najifunza kusoma darasa la jioni. Herufi zilinitoa jasho kuliko jembe. Nilikuwa napiga magoti kabla ya kufungua kitabu, sioni aibu kusema. Neno la kwanza nililoandika kwa kazi, si kwa zoezi, ni jina la mwanangu kwenye msalaba wake wa mbao.

Kisha mdogo wake, Anyitike, naye akaanza kuhara.

Ndipo tukasikia mgeni anakuja. Anapita vijijini kuamua mashine ya kuchimba kisima iende wapi. Masharti yake mepesi: kisima kinakwenda kwenye kijiji chenye watu kweli.

Kwangu mimi maana yake ilikuwa moja. Maji yakija, Anyitike anapona.

Kalinga akaja nyumbani kwangu, kalamu mfukoni, tumbo mbele.

"Ndugu Sedekia, ule msalaba uutoe. Na lile tuta tutalisawazisha."

"Kwa nini, Bwana Katibu?"

"Kivuli kizuri kiko pale. Viti vya wageni vitakaa pale. Halafu mgeni akiona kaburi la mtoto atauliza amekufa na nini. Utamjibu nini? Tutachafua jina la kijiji."

"Yule ni mtoto wangu."

"Siku moja tu, ndugu yangu. Jioni nakurudishia mtoto wako."

Nakuapia, alisema hivyo. Jioni nakurudishia. Kama mtu aliyeazima sufuria.

"Na ukileta ubishi," akaongeza, "kisima hakiji. Shauri yako."

Nikautoa msalaba kwa mikono yangu, nikauweka chini ya kitanda. Siku hiyo Atuganile hakula.

Turudi kwenye lori.

Wale watu Kalinga aliwakodi kutoka upande wa Iringa, kazi yao kujaza vijiji mbele ya wageni. Miongoni mwao alikuwepo mama mmoja mnene, ulimi kama kisu kipya, jina lake Severina. Kalinga akamkabidhi mchi na kinu.

"Wewe twanga hapa mpaka gari liondoke."

"Natwanga nini, Bwana? Kinu kitupu."

"Wewe twanga. Nani atachungulia?"

"Haya. Na mume wangu wa leo ni yupi? Jumamosi nilipewa mmoja mfupi, sikumpenda."

Watu wakaangua kicheko. Kalinga hakucheka. Watu wa namna yake hucheka wakiambiwa.

Darasa letu la jioni nalo likafanywa asubuhi. Lakini sisi wanafunzi tusingefaa, maana tulikuwa bado tunatafuta herufi kwa kidole. Kwa hiyo walimu ndio wakakaa kwenye mabenchi wakawa wanafunzi, wanasoma mbio mbio bila kukwama! Sisi wenye kiu ya kusoma tukapelekwa kulima tuta ambalo lilishalimwa. Ukimaliza, unalifukia, unaanza tena.

Nikainamia jembe nikaomba. "Bwana, unaona. Mimi sina la kuongeza."

Limbu akaamriwa apitishe ng'ombe wake mbele ya uwanja, azunguke nyuma ya kilima, awapitishe tena. Aliponipita akaninong'oneza:

"Baba Anyitike, leo mimi siyo mfugaji mmoja. Leo mimi ni ukoo mzima."

Mgeni akafika. Mzee mkavu, mwenye fimbo na kikohozi, na sura ya mtu aliyeshiba ngoma za mapokezi. Wakamkalisha kwenye kiti kikubwa.

Miguu yake ilikuwa juu ya mwanangu.

Nilimtafuta Atuganile kwa macho. Alisimama amembeba Anyitike mgongoni, anakitazama kile kiti.

"Ndugu Mgeni Rasmi," Kalinga akaanza, "hapa maendeleo yanachemka! Tazama mifugo!"

Ng'ombe wakapita. Wakapita tena.

Mgeni akanyoosha fimbo. "Yule mwenye pembe moja ana pacha wake?"

"Ah... ndivyo ulivyo ukoo wao, Ndugu."

Mgeni akainuka, akatembea mpaka kwa Severina. Akachungulia kinu. Kisha akamchungulia Severina mwenyewe.

"Mama, mimi na wewe si tuliagana Jumamosi? Ulikuwa unasuka vikapu, kule Iringa."

Severina hakupepesa hata jicho. "Ndiyo, baba. Hata mimi nimeshangaa kukuona. Unanifuata?"

Wanawake wakauma kanga zao wasicheke. Mgeni hakucheka.

Akarudi kitini polepole.

"Katibu, makaburi yenu yako wapi?"

"Makaburi?"

"Makaburi. Nimeona moshi, nimeona mafagio, nimeona ng'ombe wanazunguka kama mshale wa saa. Sasa nataka kuona mlipozika."

Kalinga akapata wazo. Niliona likimwingia usoni, na Mungu anisamehe, nilitamani limkabe.

"Ndugu Mgeni, tangu tuhamie hapa hajafa mtu hata mmoja! Afya ni nzuri mno!"

Akapiga makofi. Na wale wa lori, kwa kuwa walifundishwa kupiga makofi baada yake, wakapiga.

Walimpigia makofi mtu aliyesema mwanangu hakufa.

Mgeni akatikisa kichwa. "Hajafa mtu. Basi hajaishi mtu. Katibu, hiki siyo kijiji, haya ni maonyesho. Kisima kitakwenda kwingine."

Akageuka kumtazama dereva wake.

Hapo nilielewa. Kitu kimoja tu pale Msimamo kilikuwa cha kweli kiasi cha kutuletea maji, na Kalinga alikuwa amekifukia akaweka kiti juu.

Sikuwahi hata kufungua mdomo. Atuganile alishafika uwanjani.

"Shikamoo, baba. Nyanyua miguu."

"Nini, mama?"

"Nyanyua miguu. Umemkanyaga."

Kalinga akarukia kati. "Mama huyu ana matatizo kidogo ya kichwa, Ndugu..."

Atuganile akakishika kiti. Mgeni akasimama haraka. Mke wangu akakivuta kiti pembeni, akavuta na jamvi lililotandikwa chini yake, akakaa kwenye udongo pamoja na mtoto mgongoni.

Akalia.

Sisi wa milimani tunajua kulia. Kilio chetu kina mwito ndani yake; ukikisikia, unaacha ulichoshika. Siku tuliyomzika binti yetu tulikuwa wachache mno, hakukuwa na wa kuitika. Kile kilio kilikuwa kimebaki ndani ya mke wangu muda wote huo.

Severina ndiye aliyeutupa mchi kwanza. Akajifunga kanga kiunoni, akaja mbio, akakaa, akamwegemeza Atuganile begani. Wenzake wakafuata. Hakuna aliyewapanga. Mafagio yakaanguka. Walimu wakatoka mabenchini. Limbu akawaacha ng'ombe wakatawanyika, akavua kofia. Mwanamke mmoja akampokea Anyitike, mwingine akachukua kile kinu kitupu, akaomba mahindi, maana waombolezaji watakula nini?

Kazi zikagawanyika zenyewe. Huyu kuni, huyu kukaa na mfiwa, huyu kunong'ona, huyu kugombana na wa kuni.

Ndugu zangu, hapo ndipo Msimamo kilipokuwa kijiji.

Nilikimbia nyumbani nikaleta msalaba, nikauchomeka mahali pake. Herufi zangu zilikuwa zimepinda kama mbuzi wamezipita. Mgeni akainama akasoma kwa sauti.

"Tu-sa-ji-gwe."

Ndiyo. Mjukuu wangu wa Iyunga ni mtoto wa Anyitike, na jina hilo alipewa la shangazi yake aliyelala Usangu.

Juzi niliposimulia mpaka hapa, aliacha kuchezea kompyuta yake. Akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo niweke kaburi, Babu?"

"Weka kaburi. Lakini zaidi ya hapo, weka mtu ambaye kaburi hilo linamkosesha usingizi. Yule mama anayetwanga, mpe mtu wa kuuacha mchi kwa ajili yake. Watu hawajai mahali kwa kuwa wengi. Wanajaa kwa kuhusiana."

Hilo ndilo fundisho langu, na sikulipata darasani, ingawa darasa nalipenda mpaka leo.

Na msimwonee huruma Kalinga. Watu kama yule aibu haiwakai. Alihamishiwa kata nyingine, na Severina, ambaye alikuja kuwa dada wa mke wangu kuliko ndugu wa damu, alituambia alichofanya huko. Kabla mgeni hajafika, alichimbisha makaburi. Matupu, yamepangwa mstari ulionyooka. Severina alikodiwa kuyalilia, akakataa, akamwambia aanze yeye kulala humo.

Lakini nataka kumalizia pale uwanjani.

Kilio kilipopungua, mgeni alikohoa, akasema, "Kisima kitachimbwa hapa."

Hakuna aliyepiga makofi. Tulikuwa tumeyachoka. Kalinga peke yake aliinua viganja, akaona hana mwenzake, akaviteremsha.

Atuganile akamtazama yule mzee.

"Baba, umesema ukiwa umesimama. Waliosimama huwa wanaondoka. Kaa, uweke mkono hapa, useme tena. Hawa wote wakusikie, na yeye aliyelala hapa."

Dereva akataka kuingilia. Mgeni akamzuia kwa fimbo. Akakaa chini na suti yake, magoti yakalia, akaweka kiganja juu ya udongo, karibu na herufi zangu. Tukasogea sote kusikiliza, wa kijiji na wa lori, hata aliyembeba Anyitike.

"Tusajigwe, mwanangu," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye nyumba za mwisho, "mbele ya mama yako na baba yako, na mbele ya watu hawa wote: mashine itakuja hapa kabla ya mvua, na mpaka ije, gari langu litaleta maji kila siku. Nisipotimiza, nisipate wa kunililia."