Maji Yaliyolala kwenye Jakuzi

Nilizima mota ya maji saa nne asubuhi, wageni wakiwa nyumbani, na Dona, ndivyo tulivyomwita bibi wa nyumba niliyofanyia kazi, akiwa amesimama mbele yangu na chupa ya javeli mkononi. Javeli ni ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Ukiishika bila maji inakubabua vidole. Alikuwa amemaliza kuimwaga juu ya mkeka wa mwanangu. Mtoto nilimnyakua kwa mkono mmoja, kama unavyonyakua ndoo inayotaka kupinduka, maana harufu ilinifika kabla ya akili. Mkeka ule kausuka mama yangu, kwao Mucojo. Rangi ya zambarau ya ukili ikaanza kuchuja pale pale, ikateremka kwenye saruji kuelekea kwenye pisina, lile bwawa la kuogelea.

"Kuanzia leo mtoto haingii hapa," Dona akasema kwa Kireno chake cha Maputo. "Upele ameuleta yeye. Mke wa mgeni anajikuna mwili mzima."

"Ameutoa wapi?"

"Huko mnakoishi. Unaniuliza mimi?"

Mgeni mwenyewe, injinia wa mambo ya gesi, alikuwa barazani na kikombe chake cha kahawa. Alijifanya anatazama bahari. Nilikwenda kwenye kibanda cha mota, mtoto kiunoni, nikabonyeza kitufe chekundu. Nyumba ikanyamaza. Nilikuwa sijawahi kuisikia nyumba ile bila mngurumo.

"Washa!"

"Washa mwenyewe."

Akaingia kibandani, akatoka. Hakujua kitufe kiko wapi.

Naandika haya kwa sababu watu wa hapa Palma walisema nilipandwa na wazimu, kazi yenyewe ilivyokuwa ya kugombewa. Hawajui nilivyofika pale.

Ilikuwa miaka ile gesi ilipoonekana chini ya bahari yetu. Helikopta zilipita juu ya ghuba ya Tungue mpaka kuku wakazizoea. Kila mwenye nyumba ya saruji alihama akaipangisha. Dona hakuwa hata mwenye nyumba. Alikuwa msimamizi, kaletwa na tajiri mmoja ambaye sikumwona hata siku moja. Nyumba ilikuwa na pisina, na ubavuni mwa pisina, juu kidogo, kulikuwa na jakuzi: beseni la saruji la kukaa watu sita, maji ya moto, na kitufe cha kutoa mapovu.

Bibi mpishi, mwenyeji wa Mucojo kama mama yangu, alipoliona mara ya kwanza alishika mdomo. "Mie nimepika kamba tangu sijaolewa," akasema, "sijaona kamba aliyeingia sufuriani kwa hiari yake." Kila wageni walipoingia jakuzini alinong'ona, "Tia chumvi, mwanangu, wanaiva."

Kazi yangu ilikuwa kufagia, kufua, na maji. Nimesoma mpaka darasa la kumi, najua kusoma vibandiko vya chupa za dawa ya maji, basi nikapewa maji. Nilieleweshwa hivi: maji ya pisina yanavutwa na mota, yanapita kwenye chujio, yanarudi. Mengine yanarudia jakuzini, jakuzi linajaa, linamwagikia pisinani kupitia mdomo mpana wa mawe. Ule mmwagiko ndio uhai wake. Maji ya moto yakikaa mahali pamoja yanaoza upesi, yakizunguka hayaozi. Mota ikizimika kwa umeme kukatika, na Palma umeme ulikatika utakavyo, niwashe jenereta mara moja. Basi nikawa mtu wa kusikiliza. Nanyonyesha, nasikiliza mota. Naanika nguo, nasikiliza mota. Hata nyumbani kwangu, jirani akisaga mahindi nilijikuta natulia: haya, inaunguruma.

Mtoto nilikuja naye kwa sababu sikuwa na wa kumwachia. Mume wangu alikuwa dago, kambini kwa wavuvi kule Macaloe, anarudi mwezi ukimpendeza. Binti yangu alikuwa na mwaka mmoja na kitu, bado ananyonya, anatambaa kama anakimbizwa. Nilimtandikia mkeka kwenye kivuli cha mahali pa kufulia, nikamfunga kapulana, ile kanga yetu, kiunoni, ncha nyingine kwenye nguzo, asije akafika kwenye maji. Nililikagua fundo lile mara ngapi kwa siku, Mungu ndiye anajua. Dona alikubali tangu mwanzo. "Asilie tu," alisema. Hakulia.

Kisha koki ya maji yanayokwenda jakuzini ikaharibika. Akaja fundi, Mzungu wa Afrika Kusini aliyekuwa akitengeneza mabomba kwenye kambi za kampuni. Akafunga koki mpya yenye mpini mwekundu, mpini wa kuingia na kutoka, si wa kuzungusha. Alikuwa na haraka, mikono yake imejaa mipira ya maji, gari linamsubiri. Akanyoosha kidevu kwenye mpini akaniambia kwa Kireno chake cha kuokota: "Todos os dias." Kila siku. Halafu akaongeza neno moja, na mimi nikasikia "puxe".

Mtu yeyote aliyesoma Kireno analijua neno hilo. Limebandikwa kwenye mlango wa benki, kwenye mlango wa hospitali, kwenye mlango wa ofisi ya shule yetu. Linatamkwa "pushe", na maana yake vuta. Fundi akaondoka. Nikaenda kwenye mpini, ulikuwa ndani, nikauvuta. Na kila asubuhi baada ya hapo nilipitia kibandani kuhakikisha umevutika sawasawa.

Siku ya tatu nikaona mdomo wa mawe umekauka. Nikamwambia Dona, "Jakuzi halimwagiki tena."

"Fundi amekwambia ufanye nini?"

"Nivute mpini."

"Umevuta?"

"Nimevuta."

"Basi. Ongeza dawa."

Nikaongeza dawa. Wiki iliyofuata nikamwambia tena, nikamwonyesha kwa kidole: maji yamekuwa kama maji ya wali, ukuta wa ndani unateleza. Akabonyeza kitufe cha mapovu, beseni likachemka kwa kelele. "Unaona? Maji yanakwenda." Na mimi nikaona yanakwenda. Hilo najilaumu mpaka leo. Mapovu ni hewa. Yanayapiga maji yale yale mahali pale pale. Lakini ukisimama juu yake, na mtu amekuambia hivyo kwa sauti ya kujua, macho yanakubali.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sikutaka kumwambia mtu.

Kwetu maji yalikuwa ya kisima, ya chumvichumvi, ya foleni. Kumwogesha mtoto ilikuwa ndoo moja, baridi, na kelele zake zinafika barabarani. Na mimi kutwa nzima niko karibu na maji ya moto ya bure. Mchana mmoja, wageni wamekwenda kazini na Dona amekwenda sokoni, nilichota ndoo moja jakuzini, nikamwogeshea mtoto mahali pa kufulia. Alicheka! Alipiga maji kwa viganja mpaka nikalowa. Kesho yake nikachota tena. Bibi mpishi aliniona, akatazama pembeni, akasema tu, "Mchuzi wa wageni huo, mwanangu."

Ijumaa mke wa injinia akaja jikoni akiuliza kama tuna dawa ya mbu. Alinyanyua blauzi kidogo: vipele vyekundu tumboni na kiunoni, vimejipanga pale nguo ya kuogelea ilipombana. Bibi mpishi akasema hao si mbu. Jumatatu nikamvua mwanangu nguo na nikaviona vile vile, kwenye mapaja na kwenye makalio, pale alipokuwa akikaa ndani ya beseni la kufulia nilipomwogesha.

Sijui nieleze vipi siku zile. Nilimkagua kila aliponyonya. Nilihesabu vipele, nikavisahau, nikavihesabu tena. Hospitali walinipa mafuta, wakaniuliza anaogeshwa maji gani. Nikasema ya kisima. Nilimdanganya nesi nikiwa nimempakata mtoto mgonjwa. Nilijua ni maji yale. Nikaacha kuchota, lakini sikumwambia Dona, kwa sababu nikimwambia atauliza nilijuaje. Basi nikawa naongeza dawa, nasugua ukuta kwa brashi, navuta mpini, nasikiliza mota, na mke wa injinia anaingia kila jioni kulainisha mgongo wake. Nilimwona anaingia, nikanyamaza. Aibu hiyo ni yangu, simgawii mtu.

Ndipo Dona alipoviona vipele vya mwanangu, akaleta javeli.

Siku ile niliyozima mota, fundi akaitwa kwa simu, akaja kabla ya adhuhuri. Dona alimpokea getini akimwambia mfanyakazi amekorofisha mashine. Tukaingia kibandani wote: Dona, fundi, injinia aliyeona afadhali aje kutafsiri Kiingereza, na mimi na mtoto wangu. Fundi akautazama mpini. Akaniuliza nani ameuvuta.

"Mimi. Kila siku, kama ulivyosema."

"Nilisema push," akasema, na akausukuma kwa kiganja. *Tak.* Ukaingia ndani.

Injinia akayarudia maneno mawili kwa sauti: push, puxe. Yeye alijua Kireno na Kiingereza, akawa wa kwanza kuelewa. Fundi alikuwa amesema kwa lugha yake sukuma. Mimi nilisikia kwa lugha ya shule yangu vuta. Neno moja masikioni, mikono miwili imekwenda kinyume. Mpini ule ulikuwa unalegea kwa mtikisiko wa mota, ndiyo maana alitaka usukumwe kila siku. Mimi kila siku niliufunga mlango wa maji ya jakuzi kwa nguvu zangu zote, nikijiona hodari.

Nikabonyeza kitufe cha kijani. Mota ikanguruma. Tulisimama tukitazama mdomo wa mawe. Ukakaa mkavu, ukakaa, kisha maji yakapanda, yakaanza kumwagika pisinani, na mwanzoni yalitoka ya kijivu yenye utando. Mke wa injinia alikuwa amesimama barazani. Alijishika tumbo.

Nilidhani Dona atasema samahani, angalau kwa mtoto. Akasema, "Kumbe ni ujinga wako. Ni yale yale. Mtoto asije."

"Siyo yale yale. Umesema mwanangu ndiye aliyeleta upele."

"Sikusema hivyo."

"Umesema! Mbele ya huyu bwana."

Injinia akatazama viatu vyake. Bibi mpishi akaita toka dirishani, kwa Kiswahili ili Dona asielewe: "Dai kwa karatasi, mwanangu! Hawa mdomo wao una mapovu kama beseni lao."

Nilikwenda kwa karatasi. Usiku ule sikuandika kitu, nililala nimemkumbatia mtoto. Asubuhi nilinunua karatasi ya mistari, nikaandika waraka kwa Kireno cha shule, nikaufuta, nikaandika upya. Kipande kinachotaja ndoo nilikitoa mara mbili. Nikakirudisha, kwa sababu bila ndoo mtoto wangu hakuwa na njia ya kuupata upele ule isipokuwa ile aliyoisema Dona. Nikaupeleka kwenye sekretaria, ofisi ya kupokea barua ya utawala wa distrito, yaani wilaya. Karani akausoma wote akiwa amesimama, akaniuliza, "Hapa pa ndoo una hakika?" Nikamwambia nina hakika. Hapa nauweka kwa lugha yangu.

*Mheshimiwa,*

*Mimi ni mfanyakazi wa ndani katika nyumba ya kupangisha iliyo juu ya ghuba, na ni mama wa mtoto anayenyonya. Nalalamika dhidi ya msimamizi wa nyumba hiyo.*

*Fundi aliponipa maelekezo ya koki ya jakuzi alisema neno la Kiingereza linalosikika kama neno la Kireno lenye maana ya kinyume. Nilivuta mahali pa kusukuma. Kosa la mkono ni langu. Lakini nilimwarifu msimamizi mara mbili kwamba maji hayazunguki, na mara zote mbili alinirudisha kazini bila kuita fundi.*

*Nilichota ndoo za maji hayo bila ruhusa, nikamwogeshea mtoto wangu. Nakiri. Mgeni alikuwa na vipele siku ya Ijumaa. Mtoto wangu alivipata Jumatatu, baada ya kuogeshwa. Kwa hiyo si mtoto aliyeyachafua maji, ni maji yaliyomdhuru mtoto. Mpishi ameona na yuko tayari kuitwa.*

*Msimamizi alisema mbele ya wageni kwamba mtoto wangu ameleta ugonjwa, na akamwaga javeli mahali ambapo mtoto alikuwa ameketi. Kisha akamkataza kuingia, akijua siwezi kufanya kazi bila yeye kwa kuwa bado ananyonya.*

*Naomba msimamizi ayaondoe maneno hayo mbele ya wageni wale wale aliowatamkia. Naomba mtoto wangu arudishiwe kivuli chake mahali pa kufulia. Naomba maelekezo ya koki yaandikwe ukutani kwa Kireno na kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, na mshale, kwa ajili yangu au ya mwenzangu atakayenifuata. Mkeka sidai; aliyeusuka yuko hai.*

*Naomba malalamiko haya yapigwe muhuri na nakala moja nirudishiwe mkononi, kwa sababu katika nyumba ile neno la mdomo limeshanidhuru mara mbili.*