Mama Mkwe, Mimi na Mashimo ya Tamthilia

Mke wangu alipokuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, daktari alimwambia kondo la nyuma limekaa chini sana. Apumzike, asinyanyue ndoo wala asishike jembe, na akiona damu, hata tone, aletwe hospitalini mara moja. Tulikuwa tumepanga nyumba Kitui mjini, nami nilikuwa nafundisha hesabu katika sekondari ya kutwa. Tangu asubuhi hadi jioni angebaki peke yake. Mama yake hangeweza kuja kukaa nasi, kwa sababu nitakayoieleza. Basi tukampeleka yeye kwao, Ikutha. Ukiniuliza leo kwa nini tulimpeleka mbali na hospitali mwanamke aliyeambiwa maneno kama hayo, sina jibu zuri. Alimtaka mama yake.

Shule zilipofungwa nikamfuata huko, nikapewa chumba cha kulala cha nje, uani.

Mama mkwe wangu alikuwa mjane. Mumewe alikuwa akinunua mbuzi vijijini na kuwauza sokoni, na alipofariki mama akaendelea na biashara ile ile, akasomesha mtoto wake kwayo. Hayo yote niliyajua kwa kuambiwa na mke wangu. Mimi na mama tulikuwa hatujawahi kukaa chini ya paa moja tukazungumza. Sisi Wakamba tuna kitu tunachokiita nthoni, ile heshima yenye haya kati ya mtu na mama wa mke wake. Zamani mkikutana njiani, mmoja aliacha njia akaingia vichakani mpaka mwenzake apite. Siku hizi wengi wameilegeza, hasa wa mjini na wa kanisani. Kwetu Tawa mamangu huwasalimia wakwe zake kwa mkono na kuwauliza habari za kazi. Lakini mama wa Ikutha alilelewa na nyanya yake, na kwake nthoni ilikuwa nthoni. Nikiingia sebuleni, yeye anatoka kwa mlango wa jikoni. Salamu zake zililetwa na mke wangu, na zangu zikapelekwa hivyo hivyo.

Kati ya sebule na jikoni hapakuwa na mlango wa mbao. Palikuwa na pazia la maua ya samawati.

Jioni ya kwanza, baada ya taarifa ya habari, mke wangu akiwa amelala kwenye kochi na miguu yake juu ya mto, tamthilia ilianza. Ilikuwa ya upelelezi. Mwanamke mmoja anamtafuta aliyemuua kaka yake, kila anayemfuata anamdanganya, na kila jioni mambo yanakatikia mahali pabaya. Niliona mke wangu akigeuza shingo kutazama pazia, na nikasikia kigoda kikiburutwa upande wa pili. Nilipouliza, alinieleza kwa sauti ya chini kwamba mama yake huwa hakosi tamthilia hiyo, na kwamba kiti nilichokalia ndicho chake.

Nikainuka, nikasema naenda kukaa nje ili mama aje atazame. Mke wangu akapeleka neno. Jibu likarudi kwamba mgeni hafukuzwi na televisheni, na kwamba masikio yake hayana shida. Niongeze sauti tu.

Nikaongeza sauti. Hivyo ndivyo tulivyoitazama, mimi na mke wangu kwa macho, mama kwa masikio.

Mimi nina ugonjwa wa walimu wa hesabu. Hatua moja ikirukwa, jibu silitaki hata likiwa sahihi. Jioni ya tatu au ya nne, yule dada wa marehemu akapokea simu ambayo jioni ya kwanza tulimwona akiitupa mtoni. Nilicheka kwa hasira. Nikamwambia mke wangu kwamba hawa watu wanatufanya wajinga, hadithi yenye shimo kama hilo haina maana tena, ni afadhali tuzime.

Upande wa jikoni kijiko kikanyamaza ndani ya sufuria. Mke wangu akaitwa kwa jina. Hakupaswa kuinuka, kwa hiyo mama akanena kutoka kule kule, akimwambia binti yake maneno ambayo sote tulijua ni ya nani. Amwambie mwalimu kwamba mtu anayewindwa hana simu moja. Iliyotupwa ni ile ambayo wabaya walikuwa na namba yake.

Nikamwambia mke wangu, na yeye hakuhitaji kuyarudia maneno yangu kwa kuwa pazia halizuii sauti, kwamba simu zote mbili zilikuwa na kioo kilichopasuka pembeni, mahali pale pale. Kisha mama akamwambia binti yake kwamba yeye vioo havioni, anasikia tu mlio, na mlio ulikuwa tofauti.

Mke wangu alicheka mpaka nikaogopa kwamba kucheka kule kutamdhuru.

Tangu jioni hiyo ikawa ndiyo kazi yetu. Mimi nikitaja shimo, mama analiziba. Mtu aliyepigwa risasi begani kesho yake anabeba gunia la saruji. Mama akasema wanaume wa ile kazi wana dawa zao. Dada wa marehemu akaingia ofisi ya mfanyabiashara tajiri, mle kaka yake alimouawa, akafungua kabati akatoa picha, na hatukuonyeshwa alipopata ufunguo. Hilo halikupata jibu jioni ile. Mama alisema atafikiria. Asubuhi niliposhika kikombe cha chai alichonitengea, mke wangu akaniambia, "Mama amelala vibaya kwa ajili ya ufunguo wako."

Nilianza kungojea jioni. Nilikuwa nimekuja Ikutha nikidhani nitahesabu siku za kurudi mjini, na sasa mchana nilikata kuni, nikatengeneza zizi la mbuzi ambalo mchwa walikuwa wamelila, huku nikijua kwamba kuna mtu jikoni anayepika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na kufikiria jambo lile lile ninalofikiria mimi. Mke wangu alikuwa amelala katikati yetu, tumbo limepanda, akituchukulia maneno huku na huku hata pale ambapo hakukuwa na haja.

Damu ilikuja asubuhi moja, jua likiwa limetoka tu. Sikumsikia akilia. Nilimsikia mama akiita, na kwa mara ya kwanza aliniita mimi. Hakutumia jina, wakwe hawaitani kwa majina. Alisema, "Mwalimu, njoo."

Jirani yetu alikuwa mwenye duka, mtu ambaye wazazi wake walitoka kaskazini mashariki wakafuata mifugo mpaka wakafika Ikutha wakabaki. Alikuwa na Probox ya kubebea bidhaa. Nilipofika kwake alikuwa bado anapanga mikate. Aliacha duka wazi, akamwita mkewe kwa kupaza sauti, akatoa katoni za sabuni kwenye gari akaziweka mchangani, na hakuniuliza swali lolote.

Nilikusudia kukaa mbele na dereva, maana nyuma angekaa mama. Lakini mke wangu alikuwa amenishika mkono na hakuuachia. Basi tukaingia nyuma sote watatu. Kichwa chake kilikuwa kwenye mapaja ya mama, miguu yake kwenye mapaja yangu. Mama alijifunika leso mpaka kwenye paji la uso akatazama dirishani. Njia nzima, kutoka Ikutha kupita Mutomo hadi Kitui, hakugeuka upande wangu, lakini mkono wake mmoja ulikuwa juu ya tumbo la mwanawe na wangu pia ulikuwa pale. Barabara ilipokuwa mbaya, vidole vyetu viligusana. Hakuuondoa wake, nami sikuuondoa wangu.

Hospitalini walimpokea upesi. Daktari alisema ni upasuaji, tena sasa hivi. Nikatia sahihi pale nilipoonyeshwa, wakamsukuma kwenye kitanda cha magurudumu, mlango ukafungwa. Jirani alikwenda kutuchukulia chai na kuswali, akasema atarudi. Tukabaki mimi na mama katika ukumbi wenye benchi moja.

Nilisimama. Mama akiwa amenipa mgongo, aliupiga ule upande mwingine wa benchi kwa kiganja, kama mtu anayepangusa vumbi. Nikaketi. Kati yetu palitosha watu watatu.

Wauguzi walipita na viatu vyao vya mpira. Kila mlango ulipofunguka tuliinua vichwa pamoja, na ulipofungwa tukaviinamisha pamoja. Nilikuwa nimeanza kuomba kimoyomoyo, na maombi yangu hayakuwa na mpangilio, niliposikia sauti yake.

"Ule ufunguo," akasema. "Yule dada aliupata wapi?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Alikuwa anautazama ukuta ulio mbele yake. Hapakuwa na mtu wa kupitishia maneno. Nikamjibu kwa upole kwamba labda mlinzi wa ofisi alikuwa rafiki wa marehemu, akampa ufunguo.

"Mlinzi gani? Hatujaonyeshwa mlinzi."

Nikasema ofisi kubwa haikosi mlinzi, hata kama hatukuonyeshwa. Akauliza, basi kama yupo, kwa nini hakuwazuia waliomuua? Nikasema ile siku alikuwa zamu ya usiku. Akauliza, na mauaji yalikuwa saa ngapi? Nikakumbuka yalikuwa usiku. Nikajisahihisha, nikasema alikuwa mgonjwa, amelazwa. Akasema kwa utulivu kwamba hospitali haikosi daftari la wageni, basi polisi wangemjua aliyemwendea kuchukua ufunguo. Kila nilipoziba mahali alitoboa pengine, na mimi niliyekuwa nikidai hadithi isiyo na tundu nilijikuta natunga mlinzi, mke wa mlinzi, na ndugu wa mke wa mlinzi aliyefanya kazi ya kuchonga funguo. Kwa muda ule nilikuwa nimeusahau ule mlango. Nilipogundua hilo, nikageuka kuutazama tena.

Kisha akaniambia jambo ambalo hata mke wangu hakuwa amewahi kulisikia.

Siku mumewe alipofariki, alianguka ghafla sokoni kati ya mbuzi. Ndugu zake walipokuja nyumbani waliketi wakamuuliza mama kuhusu asubuhi ile. Alikula nini? Alitoka saa ngapi? Alisema anaumwa wapi? Na yeye hakukumbuka. Alikumbuka kwamba mumewe alirudi mlangoni kuchukua fimbo, na kwamba kuku mmoja mweupe alikuwa ameingia ndani. Kabla ya hapo na baada ya hapo, hakuna kitu. Aliwaambia mara mumewe alikunywa uji, mara hakunywa. Wakatazamana. Kwa muda mrefu baadaye wapo ambao hawakula chakula alichopika.

"Hadithi yangu ilikuwa na mashimo, mwalimu," akasema. "Na ilikuwa kweli."

Nilitaka kumwambia pole, lakini pole ya miaka yote hiyo niliiona ndogo. Nikasogea kidogo kwenye benchi, si sana. Yeye hakusogea mbali.

Muuguzi alitoka akauliza ni nani wa familia, tukasimama pamoja. Alisema ni msichana, mdogo lakini analia vizuri, na mama yake ameongezewa damu na anaendelea salama. Nililia mbele ya mkwe wangu, jambo ambalo sijui nthoni inasemaje juu yake. Mama alivua leso ya kichwani, akaninyooshea bila kunitazama, nami nikajipangusa uso kwayo.

Mtoto alikaa hospitalini siku kadhaa ili aongeze uzito. Tulifundishwa kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, chini ya blanketi. Mke wangu akichoka nilimbeba mimi, na alikuwa mwepesi kama mkate. Mama alilala nyumbani kwetu, mimi nikalala kwa mwalimu mwenzangu, kwa sababu kulala nyumba moja na mkwe kulikuwa bado ni jambo lisilowezekana. Asubuhi nilikuta uji umeachwa kwenye chupa mlangoni pa nyumba yetu, wa mke wangu na wangu.

Tamthilia iliisha wakati huo, na hakuna kati yetu aliyetazama sehemu ya mwisho. Mke wangu alisimuliwa na kina mama wa wodini. Muuaji alikuwa mwenye ofisi, kama sote tulivyodhani, na habari ya ufunguo haikutajwa kabisa. Kama ingekuwa mwezi mmoja nyuma, ningelalamika usiku kucha. Sasa nilimsikiliza mke wangu akisimulia, mtoto akinyonya, na niliiona kuwa hadithi nzuri. Bado nayaona mashimo katika tamthilia nyingine, sijapona ugonjwa wangu. Yananikera kidogo, halafu nampigia mama simu Ikutha, na anayaziba. Kwenye simu tunazungumza sana. Simu nayo ni aina ya pazia.

Siku mama aliporudi kwao nilimsindikiza mpaka kituo cha magari. Nilibeba mfuko wake nikitembea nyuma yake kidogo, kama inavyopasa. Alikuwa na haraka, mbuzi wake walikuwa wameachiwa jirani na hakupenda kumlemea. Nilimpa kondakta mfuko, nikasimama pembeni nikitazama chini ili apande bila kuona haya.

Hakupanda. Alisimama mbele yangu mpaka nikalazimika kuinua uso, na nikamwona waziwazi. Macho yake ni yale yale ya mke wangu, na sikuwa nimelijua hilo.

"Umekonda," akasema. "Kula."

Kisha akajitanda leso vizuri, akapanda.