Alama Tatu za Mtungi

Nakumbuka, mwanangu, siku ambayo nyanya yangu aliniuliza swali moja mbele ya watu, nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikuwa mwalimu kijana pale Giakanja, Nyeri, miaka michache baada ya Uhuru, na nilijiona nimesoma kuliko Tetu nzima. Leo nacheka. Siku ile sikucheka.

Likizo ya Agosti walimu watatu tulikuwa tumesafiri hadi Zanzibar. Enzi hizo mpaka wetu na Tanzania ulikuwa wazi. Ulipanda gari moshi hadi Mombasa, kisha meli, ukafika. Mimi niliyezoea baridi ya mlimani nilitokwa jasho hata nikiwa nimeketi, lakini hamu yangu ilikuwa makumbusho. Nilitaka kuandika historia yote ya visiwa vile daftarini, ili nikirudi niwafungue macho watu wetu, kana kwamba walikuwa wamelala.

Mlangoni alikaa mlinzi, mzee mmoja wa kanzu. Nilimpita, hata shikamoo sikutoa. Nikaanza kunakili: mlango wa nakshi, ngoma kubwa, viatu vya mbao, mbuzi ya kukunia nazi. Nilipofika kwenye mtungi wa maji wenye alama tatu chini ya mdomo, mzee alinijia polepole.

"Kaa kitako kwanza, mwanangu," aliniambia. "Nikutilie kahawa. Mtungi huu una maneno."

Nilimjibu kwamba sina nafasi, meli inaondoka alasiri, na tena kila kitu kimeandikwa kwenye kibandiko. Kibandiko kilisema: mtungi wa maji, udongo, mapambo matatu. Nikaandika hivyo hivyo. Mzee akarudi kwenye benchi lake.

Basi tuliporudi, mkuu wa shule akawaita wazazi Jumamosi moja waje wanisikilize. Nilichora vile vitu ubaoni kwa chaki, nikavieleza kwa Kiswahili cha vitabuni, wakapiga makofi. Cucu, yaani huyo nyanya aliyenilea, alikuwa ameketi mbele kabisa. Ujanani mwake alikuwa mfinyanzi, ingawa kwake tulipikia chungu chenye ufa. Waliosema mfinyanzi hulia gaeni walimjua Cucu wangu. Akainua mkono kama mtoto wa shule. Mkuu wetu alitoka Ukambani, kwa hivyo Cucu alitumia Kiswahili chake cha sokoni ili naye asikie.

"Mwalimu, hiyo alama tatu ni ya nini?"

Nikajibu kwamba ni mapambo.

"Ati mapambo? Mimi nimefinyanga miaka mingi. Mtu wa kufinyanga haweki kidole bure. Kwani huko hakuna mtu ungeuliza?"

Nikageukia ubao na chaki mkononi. Watu walidhani nimesahau, kumbe nilikuwa namwona yule mzee akirudi kwenye benchi lake. Njiani kwenda nyumbani nilimweleza Cucu ukweli wote. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alisema kwa Kikuyu, nami nakupa kwa Kiswahili: "Uliingia nyumba ya watu ukasalimia vyombo, mwenyewe ukampita."

Nikaandika barua. Jina lake sikulijua, kwa hivyo juu ya bahasha niliandika tu: Kwa mzee anayekaa mlangoni, Makumbusho, Zanzibar. Nilimwomba radhi na kumwuliza habari za zile alama. Miezi ikapita. Nilipokwisha kukata tamaa, jibu likaja, kwa mwandiko wa kutetemeka. Mtungi ule ulifinyangwa na mama yake. Ulipokuwa ungali mbichi aliwaita watoto wake watatu, na kila mmoja akabonyeza kidole gumba chake kwenye udongo. "Ile ndogo ya mwisho ni yangu mimi," aliandika. "Njoo uitazame vizuri. Kahawa yako ipo."

Nilimsomea Cucu barua ile, akaniomba niirudie, kisha akaniomba tena. Nami nikapanga kwenda. Mwaka mmoja nikaolewa, mwaka uliofuata nikajifungua, halafu mpaka ukafungwa na safari ikafa. Ulipofunguliwa, Cucu tulikuwa tumeshamzika, na mimi kichwani nimeanza kutoa mvi.

Nilikwenda hata hivyo, na safari hii nilianza na salamu. Benchi lilikuwepo ila mzee hakuwepo. Mama aliyekuwa mlangoni aliniambia kwamba mzee alikuwa amefariki, na kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kusikia mtungi ule ulitoka nyumba gani. Kibandiko bado kilisema mapambo. Nililia pale pale, mwanangu, sikuona haya. Kisha nikaketi, nikatoa barua mkobani, nikamsomea. Aliposikia yote aliinuka, akaweka kidole gumba chake juu ya ile alama ndogo. Hakikuenea, alama ilikuwa imeachwa na kidole cha mtoto. Akachukua kalamu, akalikata neno mapambo, akaandika jina la mzee na la mama yake kama yalivyokuwa kwenye barua.

Kwa hivyo nakuusia. Nenda makumbusho, ya visiwani na ya kwetu, maana siku hizi hata Nyeri tunayo. Soma vibandiko, andika ukitaka, lakini mtafute kwanza aliye hai, umsalimie, uketi. Kuuliza si ujinga. Mtungi ule ulinisubiri miaka yote hiyo. Mwenye kahawa hakuweza.

Mungu akupe miguu ya kufika na subira ya kukaa. Na siku itakapokuwa ni wewe unayekaa mlangoni na maneno yako, akuletee mgeni asiye na haraka.